Filamu ya "Mwafrika" na utani wa upande mmoja

Mwezi Machi mwaka 1983 majumba ya sinema ya Ufaransa yalianza kuonyesha filamu mpya ya vichekesho iliyopewa jina la "L'Africain", yaani "Mwafrika". Filamu hiyo ilikuwa imepigwa nchini Kenya. Iliongozwa na Philippe de Broca, mmoja wa waongozaji wa vichekesho waliokuwa na sifa kubwa nchini mwao, na ilichezwa na waigizaji wawili mashuhuri, Philippe Noiret na Catherine Deneuve. Mtu asiyejua zaidi ya hayo angetarajia kwamba Mwafrika anayetajwa katika jina la filamu ni mwana wa nchi ilimopigwa. Sivyo. Mwafrika wa filamu hiyo ni Mfaransa aitwaye Victor, aliyeihama nchi yake na kujikalia kando ya ziwa barani Afrika.

Miaka zaidi ya 40 imepita tangu wakati huo. De Broca alifariki mwaka 2004, na Noiret akamfuata mwaka 2006. Yawezekana mtu akauliza faida ya kuifukua filamu ya kale ya Wafaransa na kuijadili mbele ya watumishi na walimu wa Mkoa wa Mara, ambao wana kazi nyingi za haja. Jibu ni kwamba jambo lililofanywa na filamu ile halikwisha na filamu ile. Mkoa wa Mara una Serengeti, una Ziwa Victoria, una milima ya mawe na mabonde ambayo macho ya wageni huyapenda, na kamera za wageni huja kila mwaka. Vibali vyao hupita mikononi mwa watumishi wa umma. Picha zao hurudi kwa watoto kwa njia ya televisheni na simu, na mwalimu wa shule ya Bugwema ndiye anayebaki na kazi ya kuwaeleza watoto hao wanachokitazama. Hivyo ni vyema kujua ni kwa nini filamu iliyokuwa na kila kitu, fedha, mandhari, na waigizaji hodari, iliishia kuwa kichekesho kisichotosheleza.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Victor anaishi maisha aliyoyachagua, ana ndege yake ndogo na biashara yake, na hataki kusumbuliwa. Siku moja anatokea Charlotte, mke waliyeachana naye, ambaye sasa ametumwa kutafuta mahali pa kujenga kijiji cha likizo kwa ajili ya watalii wa Ulaya. Amelipenda eneo lile lile alilojificha mumewe. Victor hataki watalii, Charlotte hataki kushindwa, nao wanagombana. Katikati ya ugomvi huo wanajitokeza majangili wa pembe za ndovu, na wawili hao wanajikuta wakikimbizwa nyikani, wakitukanana na kupendana upya kwa zamu.

Haki itendeke kabla ya lawama. Filamu hiyo ina mema yake. Noiret alikuwa mwigizaji wa kweli, mwenye uwezo wa kuchekesha kwa kunyanyua nyusi tu, bila kupiga kelele. Muziki wake ulitungwa na Georges Delerue, mtunzi ambaye jina lake linaheshimiwa katika sinema ya Ufaransa. Picha za nchi ni nzuri. Tena mwongozaji hakuwa na nia mbaya. Victor anaipenda nchi anamoishi, anawachukia majangili, na anatambua kwamba mabasi ya watalii yakifika utulivu wa mahali utaondoka. Mwaka 1983 si filamu nyingi za burudani za Ulaya zilizothubutu kusema kwamba hoteli ya ufukweni inaweza kuwa msiba. Hayo yote ni kweli, na mtu anayeitazama filamu hiyo leo hatakosa kutabasamu mara kadhaa.

Lakini tabasamu la mara kadhaa si kicheko, na hapo ndipo upungufu unapoanza kuonekana.

Katika makabila mengi ya Tanzania kicheko kina sheria yake, nayo huitwa utani. Mtani ana ruhusa ya kumwita mtani wake mlafi, mwoga au mvivu mbele ya kadamnasi. Ana ruhusa hata ya kufanya mzaha msibani, mahali ambapo mtu mwingine angefukuzwa. Ruhusa hiyo hainunuliwi wala haichukuliwi kwa nguvu. Aghalabu hutokana na ujirani wa muda mrefu, au na vita vya zamani vilivyokwisha kwa mapatano, au na safari za biashara ambazo watu wa kabila moja walipokewa na kulishwa na watu wa kabila jingine. Nayo ina sharti moja lisilovunjwa: anayetania hutaniwa. Mtu anayewacheka wenzake kisha akanuna anapochekwa hahesabiwi kuwa mtani. Huhesabiwa kuwa mtovu wa adabu.

Kwa kipimo hicho filamu ya "Mwafrika" inapungukiwa. Wageni wawili wanapewa maneno yote ya kuchekesha, na vilevile wanapewa haki ya kuchekana wao kwa wao. Wenyeji wanabaki pembeni. Wanabeba, wanaongoza njia, wanashangaa, wanatabasamu, kisha kamera inageuka kuwarudia wenye hadithi. Hata nafasi ya Joséphine, mojawapo ya nafasi za watu weusi zinazokumbukwa katika filamu hiyo, ilichezwa na Vivian Reed, mwimbaji kutoka Marekani. Hapana anayemjibu Victor kwa kejeli iliyo sawa na ya kwake. Hapana mzee anayemtazama mtu huyo aliyejitwalia jina la Mwafrika na kumwuliza, kwa upole wa kuudhi ambao wazee wanaujua, ukoo wake ni upi na babu yake amezikwa wapi. Swali hilo moja lingezaa kicheko kikubwa kuliko mbio zote za nyikani.

Kuna uzito mwingine zaidi ya huo wa adabu. De Broca aliokota mambo mawili mazito kuliko alivyofikiri, akayatumia kama kisingizio cha kuwakimbiza mume na mke wasiopatana. La kwanza ni pembe za ndovu.

Nchini Kenya, mahali filamu ilipopigwa, inakadiriwa kuwa mwaka 1973 kulikuwa na tembo wapatao 167,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki wasiofikia 20,000. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, lakini bunduki hazikunyamaza. Tanzania nayo ilikuwa na tembo zaidi ya 300,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, na miaka kumi baadaye hesabu ilikuwa chini ya 100,000. Katika Serengeti tembo waliosalia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa mia chache tu, na faru karibu walitoweka kabisa. Ndipo mwaka 1989 ilipofanyika Operesheni Uhai, ambayo iliwaunganisha askari wa wanyamapori, polisi na jeshi. Na katika mwaka huo huo Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kudai biashara ya pembe za ndovu ipigwe marufuku duniani kote, ombi ambalo mkutano wa kimataifa wa Lausanne ulilikubali mwezi Oktoba.

Filamu ilikuja katikati ya maangamizi hayo. Majangili wake ni watu wabaya wa hadithi, wanaotokea panapohitajika mbio na kutoweka panapohitajika mapenzi. Mtazamaji haoni mahali pembe zilikokuwa zikienda. Haonyeshwi kwamba mwisho wa njia ile ulikuwa sokoni ng'ambo, katika vito, mihuri na vinanda vya watu wenye uwezo, wengine wao wakiwa katika miji ile ile ambamo filamu ilionyeshwa. Mchekeshaji mwenye macho makali angeliona hilo mara moja, kwa maana hakuna kichekesho kikali kama cha mtu anayemlilia tembo huku amevaa bangili ya pembe. Mzaha huo ungewagusa watazamaji wa Paris wenyewe, nao haukufanywa.

Wala haonekani mtu wa tatu, mkulima. Wananchi wa vijiji vya Wilaya ya Bunda vinavyopakana na mapori ya hifadhi wanajua kwamba tembo si pambo la machweo tu. Tembo huingia shambani usiku, na kufikia alfajiri mahindi ya mwaka mzima yamekwisha. Kuwalinda tembo ni wajibu wa taifa, na wajibu huo unabebwa kwanza na watu hao wanaokesha wakipiga madebe. Mkulima wa namna hiyo angeweza kuwa mwigizaji mkuu wa kichekesho chungu: mtu anayekatazwa kumdhuru mgeni anayekula chakula chake, na ambaye huku akisubiri kifuta jasho anapigwa picha na watalii wanaofurahia mazingira yake. Katika filamu ya "Mwafrika" wamo jangili mbaya na mzungu mwema, na mkulima huyo hana nafasi kati yao.

Jambo la pili zito ni ardhi. Charlotte anataka ufukwe wa ziwa. Victor anaupinga mpango huo kwa sababu anautaka ufukwe ule ubaki kama alivyoukuta. Watu wawili waliotoka Ufaransa wanabishana juu ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa, na kwa muda wote wa mabishano hayo mwenye mahali haulizwi. Ni kweli kwamba mmoja anataka kujenga na mwingine anataka kuhifadhi, lakini wote wawili wanazungumza kama wenye hati.

Hadithi hiyo na ihamishwe kwa fikra mpaka Bugwema. Kata hiyo ya Musoma Vijijini ina vijiji vya Bugwema, Kinyang'erere, Masinono na Muhoji, na ina bonde ambalo mpango wa kulimwagilia umezungumzwa na wananchi na viongozi kwa miongo mingi. Ni watu wanaojua thamani ya ardhi yenye maji karibu. Charlotte akifika huko na ramani yake, hatakutana na ufukwe mtupu. Atakutana na ofisi ya mtendaji wa kijiji, benchi la kusubiria, na daftari la wageni. Ataambiwa kwamba jambo lake litapelekwa kwanza kwenye halmashauri ya kijiji, kisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya mwaka 1975 iliyohusu vijiji na vijiji vya ujamaa ilikwisha kuunda halmashauri za vijiji hata kabla filamu haijafikiriwa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi.

Mtumishi ye yote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa namna hiyo anajua kwamba hapo ndipo vichekesho vinapopatikana. Mgeni atasimama na kueleza kwa nusu saa juu ya maendeleo. Mkalimani ataifupisha nusu saa hiyo kwa sentensi tatu. Mzee mmoja atauliza ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa maji. Mama mmoja atauliza kama kijiji hicho cha likizo kitakuwa na mwenyekiti wake, na kama kitachangia ujenzi wa zahanati kama vijiji vingine. Kijana atauliza ajira ni ngapi na mshahara ni kiasi gani. Mwingine atataka kujua ni watu wa namna gani hao wanaolipa fedha ili wasifanye kazi. Mgeni atacheka, wenyeji watacheka, na chini ya kicheko hicho patakuwa na maamuzi ya kweli juu ya mali ya kweli. De Broca alikuwa na uwezo wa kuipiga picha ile. Filamu yake ya mwaka 1964, "L'Homme de Rio", inaonyesha alivyojua kuendesha kichekesho cha mwendo wa kasi katika nchi ya mbali. Ila alipofika Afrika ya Mashariki hakuingia mkutanoni. Alibaki nje, kwenye mandhari.

Watakuwapo watakaosema kwamba huo ni mzaha tu, na kwamba kuudai mzaha haki ni kuukosea. Wataongeza kwamba filamu ile ilitengenezwa kwa ajili ya Wafaransa. Hoja hiyo ina nguvu kidogo, lakini mwaka ule ule wa 1983 uliijibu. Filamu iliyowachekesha Wafaransa kupita kiasi mwaka huo ilikuwa "The Gods Must Be Crazy" ya mwongozaji Jamie Uys wa Afrika Kusini, ambayo ilipata watazamaji zaidi ya milioni 5 nchini humo. Ilitembezwa duniani kama filamu ya Botswana wakati ilitengenezwa na watu wa nchi ya ubaguzi wa rangi, na ilimwonyesha Msani wa Kalahari kama mtoto wa peponi asiyejua kitu, katika miaka ambayo Wasani wenyewe walikuwa wakinyang'anywa ardhi na vijana wao wakiingizwa katika jeshi la makaburu huko Namibia. Watazamaji walirudi nyumbani wakiwa na furaha, na picha ya Mwafrika asiye na neno la kusema. Filamu ya de Broca haina uovu wa namna hiyo, na si haki kuziweka katika kapu moja. Hata hivyo, kwa mtoto wa Paris aliyeziona zote mbili katika mwaka mmoja, somo lilikuwa lile lile: Afrika ni mahali pa kuchekea, na wenye kuchekesha ni wengine.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba Ufaransa haikuwa nchi ya kufundishwa vichekesho. Walimu wa Kiswahili wanamjua Molière, ambaye tamthilia yake "Tartuffe" ilitafsiriwa na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1973 kwa jina la "Mnafiki". Tamthilia hiyo iliwacheka watu wenye nguvu katika nchi ya mwandishi mwenyewe, wale waliojificha nyuma ya dini ili kujaza matumbo. Ilipigwa marufuku mwaka 1664, na mwandishi akahangaika mpaka mwaka 1669 ndipo ikaruhusiwa kuonyeshwa hadharani. Hicho ndicho kicheko kinachovuka bahari. Mwanafunzi wa Musoma akisoma "Mnafiki" humtambua mara moja mtu anayefanana naye mtaani kwake, ingawa mtu huyo amevaa nguo za Ulaya za karne ya 17. Mchekeshaji anayeanza kwa kuwacheka walio juu yake hueleweka kila mahali, kwa sababu kila mahali pana walio juu. Anayewacheka walio kimya hueleweka kwao tu.

Mkoa wa Mara wenyewe umetoa mfano wa namna ya kuchukua kichekesho cha watu wengine kwa heshima. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare "The Merchant of Venice", ambayo tangu mkusanyo wa mwaka 1623 imewekwa miongoni mwa vichekesho vya mwandishi huyo. Ilichapishwa mwaka 1969. Hakuichukua Venice kama mandhari. Aliwapa wahusika wote Kiswahili kizuri, Myahudi anayedai haki yake pamoja na wale wanaomdharau, na katika jina akabadilisha neno moja likawa "Mabepari", ili msomaji wa Tanzania aone kwamba jambo linalojadiliwa ni fedha na nguvu ya wenye fedha. Aliyechukuliwa kazi yake hakunyamazishwa, na aliyechukua alisema la kwake. Mtu anaweza kubishana na tafsiri hiyo, lakini hawezi kusema kwamba wenyeji wa Venice walifanywa miti.

Historia ya filamu katika nchi hii nayo ina funzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya wenyeji. Mojawapo ilikuwa "Muhogo Mchungu", habari za mtu wa shamba anayeingia mjini Dar es Salaam na kulaghaiwa. Wakubwa wa kikoloni walikusudia kuwaambia watu wa shamba wakae shamba. Lakini waliocheza humo walikuwa Watanganyika, walizungumza lugha yao, na mmoja wa waigizaji wakuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Watazamaji walijiona na kujisikia, na makusudio ya waliotoa fedha hayakutosha kuizima sauti hiyo. Linganisha na "Hatari!", filamu ya Howard Hawks ya mwaka 1962 iliyopigwa katika nyika za kaskazini mwa Tanganyika. Ilichukua neno la Kiswahili likawa jina lake, kisha wenye Kiswahili wakabaki nyuma ya magari ya wawindaji wa kizungu. Jina peke yake halimpi mwenyeji nafasi. Hilo lilikuwa kweli kwa "Hatari!" na likawa kweli tena, miaka 21 baadaye, kwa "Mwafrika".

Watanzania wa kawaida, bila kuambiwa na ofisi yo yote, walikwisha kupata dawa ya ugonjwa huu. Tangu kanda za video zilipoenea, katika vibanda vya miji na vijiji walitokea wafasiri wa filamu, na aliyevuma kuliko wote ni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mfasiri wa namna hiyo hakubaki katika kazi ya kutafsiri. Aliwapa waigizaji wa Ulaya na Asia maneno ambayo hawakuyasema, akawaeleza watazamaji mambo ya nchi za mbali kwa mifano ya mtaani, akawacheka mashujaa walipojivuna. Filamu iliyokuja kama hotuba ya mtu mmoja iligeuzwa kuwa mazungumzo. Mtu akimfikiria Victor mikononi mwa mfasiri kama huyo, akitambulishwa kwa watazamaji wa Bunda kwamba "huyu bwana anasema ni Mwafrika, mmsamehe", ataelewa mara moja kilichokosekana katika filamu ile. Mtani wake alikuwa hajaletwa.

Kwa sababu hiyo, jawabu la filamu za namna hii halimo katika kuzipiga marufuku. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliipa Serikali mamlaka juu ya utengenezaji na uonyeshaji wa filamu, na ni haki taifa kujilinda na matusi. Lakini filamu hafifu si tusi. Kuizuia ni kuipa heshima isiyostahili, na ni kuwanyima wananchi nafasi ya kuijibu. Kinachotakiwa ni kwamba kila mgeni anayekuja kuchekesha au kuhuzunisha dunia kwa kutumia nchi hii aingie katika mapatano ya utani, na wanaoweza kumwingiza humo ni watumishi walio karibu na mahali anapofikia.

Ombi la kibali linapofika mkoani au wilayani, maswali hayapaswi kukoma kwenye ada, usalama na wanyama. Afisa utamaduni anastahili kuuliza wenyeji watasema nini katika filamu hiyo, kwa lugha gani, na nani aliyeyaandika maneno yao. Anastahili kuuliza kama kijiji kitakachoonekana kimeelezwa hadithi yenyewe, maana kuna tofauti kati ya mtu aliyekubali kupigwa picha na mtu anayejua anachekwa. Anastahili pia kudai nakala ya filamu iliyokamilika irudishwe na kuonyeshwa mahali ilipopigwa. Sharti hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini mwongozaji anayejua kwamba siku moja atakaa benchi moja na watu aliowapiga picha, akisikiliza ni wapi wanacheka na ni wapi wananyamaza, ataipiga kwa namna nyingine.

Walimu nao wana sehemu yao, ambayo haihitaji fedha nyingi. Shule za sekondari zinafundisha tamthilia, na wanafunzi wanajua kumchambua mhusika aliye kwenye karatasi. Ujuzi huo huo unaweza kupelekwa kwenye picha wanazozitazama kila siku. Mwanafunzi na aulizwe: katika kichekesho hiki nani anacheka, nani anachekwa, na nani hakupewa neno? Kisha na apewe kazi ya kuandika onyesho moja lililokosekana. Mwanafunzi wa Bugwema anayeweza kuandika mkutano wa kijiji ambao Charlotte hakuufikia, akampa mgeni maneno ya haki na wazee maneno ya haki, amejifunza uandishi, uraia na sheria ya ardhi kwa wakati mmoja. Vipaji havikosekani. Taifa lililowasikiliza Pwagu na Pwaguzi redioni, na lililomlilia Mzee Majuto alipofariki mwaka 2018, halina uhaba wa watu wanaojua kuchekesha. Uhaba uliopo ni wa kamera, wa fedha, na wa imani kwamba kichekesho ni kazi ya watu wazima yenye uzito wake.

Filamu ya "Mwafrika" itaendelea kuwapo, na anayeipenda aitazame. Noiret bado anachekesha, ziwa bado linapendeza. Ila deni lake halijalipwa. Kwa desturi za utani, aliyetania akaondoka kabla hajataniwa hubaki na deni, na watani wake wana haki ya kumdai yeye au watoto wake popote watakapokutana. Wanaotengeneza filamu wangali wakija Mara, na wengine wao ni Wafaransa. Watakapofika, wakaribishwe vizuri, wapewe chai, waonyeshwe njia, kisha wadaiwe.